Maji Meupe na Maji Safi

Lugha yetu ina maneno matatu ya kusifu maji, na kila moja lina mpaka wake. Maji meupe ni yale yasiyoonekana na rangi; hakimu wake ni jicho. Maji safi ni yale yasiyo na kitu cha kumdhuru anywaye; hakimu wake ni tumbo, na tumbo aghalabu hutoa hukumu baada ya kuchelewa. Maji tohara ni yale yafaayo kwa ibada. Hakimu wake ni sheria. Watoto wa pwani waliokwenda chuoni walifundishwa tangu udogo kwamba maji hupelelezwa kwa rangi, kwa ladha na kwa harufu, wala hawakuruhusiwa kutosheka na moja katika hayo matatu. Lakini katika mazungumzo ya kila siku mipaka hii husahauliwa. Tukiona maji yaliyomo katika bilauri yanapenywa na mwanga, twasema ni safi; na neno hilo likishatoka hufanya kazi ya cheti. Mtu hunywa.

Mimi si mwanakemia. Udaktari wangu ni wa maneno, na katika umri wangu wa miaka arobaini na kitu sikupata kudhani kwamba neno safi litanipeleka mpaka katika maabara. Mwaka jana binti mmoja asomaye kemia kwa shahada ya uzamili alibisha hodi mlangoni pangu, akaniamkia, akaweka mezani karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza, muhtasari wa utafiti wake juu ya chembe ndogo mno za vanadeti ya bismuti, unga wa manjano ambao ukipigwa na nuru huvunja rangi zilizomo majini. Ya pili ilikuwa ya Kiswahili. Hiyo alikusudia kuwasomea wanawake wa mtaa wa kwao watengenezao batiki, na mama yake ni mmoja wao. Maji ya rangi yaliyokwisha kazi humwagwa mtaroni. Mbuzi hupita hapo, na watoto huchezea hapo. Sentensi ya kwanza ya karatasi yake ilisema: "Unga huu husafisha maji kwa nguvu ya jua."

"Mwalimu, naomba unisahihishie Kiswahili tu," alisema.

"Kiswahili chako hakina kosa, mwanangu," nilimjibu. "Lakini hebu niambie: unga huu ukishafanya kazi yake, mama yako aweza kuyanywa maji hayo?"

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapana, mwalimu. Hata mimi siwezi kuyanywa."

Kazi yetu ilianza hapo. Kabla ya kuieleza, yafaa msomaji aujue unga wenyewe, maana una historia ya majina inayolihusu jambo letu.

Vanadeti ya bismuti ni ndoa ya metali mbili pamoja na oksijeni. Bismuti ni metali nzito ambayo kwa karne nyingi watu waliichanganya na risasi na bati, mpaka Claude François Geoffroy wa Ufaransa alipoonyesha mwaka 1753 kwamba ni kitu mbali. Vanadi ilipata mkasa mkubwa zaidi. Mwaka 1801 Andrés Manuel del Río, mwalimu wa elimu ya madini huko Mexico, alichunguza jiwe la kahawia lenye risasi lililotoka Zimapán, akaona ndani yake metali ambayo haikuwa ikijulikana. Kwa kuwa chumvi zake zilikuwa za rangi nyingi aliipa jina la rangi zote. Baadaye, kwa kuwa chumvi hizo zilikuwa nyekundu zilipotiwa moto, akaipa jina la wekundu. Sampuli zake zilipelekwa Paris, na mwaka 1805 mkemia mmoja wa huko alitoa hukumu kwamba hicho si kitu kipya, ni kromi tu. Del Río aliikubali hukumu hiyo, akaiacha metali yake. Mwaka 1830 Nils Gabriel Sefström wa Uswidi aliikuta metali ile ile katika chuma, akaiita kwa jina la Vanadís, mungu wa kike wa hadithi za kale za kaskazini. Na muda mfupi baadaye Friedrich Wöhler akathibitisha kwamba ndiyo ile ya Mexico. Basi kwa miaka 25 kitu cha kweli kilikuwa kimefichwa chini ya jina la kitu kingine, kwa sababu hukumu ilitangulia uchunguzi wa kutosha. Mtu asemaye kuwa jina ni jambo dogo na aikumbuke habari hii.

Metali hizi mbili zikiungana huzaa manjano ang'avu. Hupatikana pia ardhini: jiwe liitwalo pucheriti lilipewa jina la shimo la Pucher katika machimbo ya Schneeberg, Ujerumani. Viwandani hutumiwa kutengenezea rangi za kupaka mahali pa rangi za kale zilizokuwa na risasi. Kwa hiyo unga wa binti huyu ulikuwa tayari una kazi duniani, kazi ya kupendeza macho. Waliougeuza kuwa mfanyakazi wa nuru ni watu wa Japani.

Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda walitangaza katika jarida la Nature kwamba titani dioksidi, ikiwa imetiwa majini na kuunganishwa na waya, yaweza kuyagawa maji kuwa oksijeni na hidrojeni ikipigwa na mwanga. Dunia ilifurahi, lakini kulikuwa na dosari. Titani dioksidi ni nyeupe, na weupe maana yake ni kwamba haimezi nuru ionekanayo; huirudisha yote. Humeza mionzi ya urujuanimno tu, ile yenye urefu wa wimbi usiozidi nanomita 387 hivi, na mionzi hiyo ni sehemu 4 au 5 tu katika kila 100 za nguvu ya jua itufikiayo. Ni kama mtu aliyealikwa karamuni akala chumvi peke yake. Katika mwaka 1998 na 1999 Akihiko Kudo na wenzake wa Tokyo walionyesha kwamba vanadeti ya bismuti hutoa oksijeni majini kwa nuru ionekanayo na macho. Unga huu humeza urujuani na buluu, mpaka kiasi cha nanomita 520, na hurudisha zilizobaki; ndiyo sababu twauona wa manjano. Basi umanjano wake si pambo. Ni dalili ya chakula chake: yale yasiyorudi machoni petu ndiyo aliyoyala.

Nuru iliyomezwa haipotei. Huinua elektroni kutoka mahali pake pa kawaida, na nyuma hubaki pengo, mfano wa pengo la jino. Pengo hilo lina njaa ya elektroni, na likifika juu ya uso wa chembe hunyang'anya elektroni ya maji au ya kitu chochote kilichoshikamana hapo. Molekuli ya rangi ikinyang'anywa hivyo huanza kuvunjika kiungo kwa kiungo. Kama kazi ingekamilika, mwisho wake ungekuwa hewa ya kaboni dioksidi, maji na chumvi kidogo. Chembe yenyewe hubaki kama ilivyokuwa, tayari kuanza tena. Kiswahili kimekwisha kulipata neno lake, kichocheo, na sijui lugha iliyolipata lililo bora zaidi. Maana sote twamjua mchochezi, awagombanishaye wawili kisha akaenda zake nyumbani mzima. Binti alikuwa ameandika fotokatalisisi. Nilimshauri aandike uchocheaji kwa nuru, na mara moja akaona kwamba mama yake ataelewa bila ya kufasiriwa.

Nilikwenda kuuona unga unavyofanywa. Naitreti ya bismuti haitiwi katika maji matupu, kwani huvunjika na kutoa mashapo meupe. Hutiwa katika asidi ya naitriki iliyozimuliwa. Metavanadeti ya amoniamu huyeyushwa mbali, katika maji ya moto. Vipimo vya metali hizo mbili huwa sawa, atomi kwa atomi. Kisha kimoja hudondoshwa katika kingine pole pole huku kisumaku kikizunguka chini ya chombo na kuvikoroga, na mara mchanganyiko hugeuka manjano kama mchuzi uliotiwa bizari. Ukali wa asidi hupunguzwa kwa amonia mpaka kipimo kitakiwacho. Uji huo humiminwa katika kikombe cha tefloni, kikombe hutiwa ndani ya chungu cha chuma kifungwacho kwa skurubu, na chungu huwekwa katika tanuri ya nyuzi 180 kwa saa kadhaa. Ndani yake maji hupita moto wa kuchemka bila ya kupata njia ya kutoka, na katika shinikizo hilo fuwele hujijenga. Asubuhi yake hufunguliwa. Mashapo huoshwa kwa maji na kwa spiriti mara nyingi, hukaushwa, husagwa.

Kwa nini ziwe ndogo? Chukua dadu ya sentimita 1 kila upande: uso wake wote ni sentimita 6 za mraba. Ikate iwe vidadu vya nanomita 100, yaani sehemu 100 katika elfu milioni za mita, na jumla ya nyuso hizo itakuwa mita 60 za mraba, sakafu ya nyumba ndogo. Kazi yote hufanyika usoni, kwa hiyo uso ndio mtaji. Tena lile pengo halina miguu ya kwenda mbali. Kipimo kilichotangazwa mwaka 2013 kilikuta kwamba husafiri kiasi cha nanomita 70 tu kabla ya kukutana na elektroni mtoro na kufutana nayo, na nguvu yote ikaishia katika joto lisilofaa kitu. Katika chembe kubwa, pengo lizaliwalo katikati hufa safarini. Hata umbo lina neno lake: mwaka huo huo watafiti wa Dalian, China, walionyesha kwamba katika fuwele zilizoumbika vizuri elektroni hukusanyika katika nyuso za aina moja na mapengo katika nyuso za aina nyingine, kama watu wagombanao walioketishwa vyumba mbali mbali.

Kilichonivutia zaidi ni namna wanakemia wanavyokataa kuuamini unga wao wenyewe. Ulikuwa wa manjano, mlaini, mzuri. Mimi ningeuita kwa jina lake pale pale. Binti alisema kwamba bado haujawa na jina mpaka uhojiwe. Shahidi wa kwanza ni eksirei. Hupigwa katika unga, na jinsi zinavyochepuka katika safu za atomi huandika mstari wenye vilele. Vanadeti ya bismuti ina maumbo zaidi ya moja. Lile la namna ya zirikoni humeza nuru kidogo tu, na lile lililoinama upande ndilo litafutwalo. Tofauti yao huonekana karibu na pembe ya nyuzi 18 na nusu na karibu na nyuzi 35: umbo lifaalo huonyesha vilele viwili mahali ambapo jingine huonyesha kimoja. Upana wa vilele hutoa ushahidi mwingine, kwa kanuni aliyoiweka Paul Scherrer mwaka 1918: kadiri fuwele zilivyo ndogo, ndivyo kilele kinavyotanuka. Shahidi wa pili ni hadubini ya elektroni, ionyeshayo sura na ukubwa. Shahidi wa tatu ni kipimo cha nuru irudiyo, kisemacho unga umekula rangi gani. Mashahidi wakiafikiana, hapo jina huandikwa juu ya chupa.

Niliuliza swali la mtu asiyejua: mbona uangalifu huu wote umetumika kulipa jina unga, na neno safi limepewa maji bila ya shahidi hata mmoja?

Alinieleza jinsi maji yanavyojaribiwa. Hutiwa methilini buluu, rangi iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1876 na Heinrich Caro katika Ujerumani, kisha unga. Kwanza hukorogwa gizani kwa muda, ili ile rangi ijishikizayo tu juu ya chembe isihesabiwe kuwa imevunjwa. Kisha taa huwashwa, na kila baada ya muda maji kidogo huchotwa na buluu iliyobaki hupimwa. Kando huwekwa chombo kingine chenye rangi na nuru bila ya unga, kwa sababu rangi nyingi hufifia zenyewe juani, kama ajuavyo kila mwenye kanga. Utaratibu huu ni wa haki. Lakini ushahidi wake wote ni wa jicho, ijapokuwa jicho hilo ni la mashine. Mwaka 2006 Bunsho Ohtani na wenzake wa Japani waliuliza hadharani kama methilini buluu yafaa kabisa kuwa kipimo cha vichocheo vya nuru vya namna hii. Kwani rangi yenyewe humeza nuru ile ile, na yaweza kuharibika kwa njia yake yenyewe. Tena molekuli ya rangi ikikatwa mahali pamoja tu hupoteza buluu yake, lakini vipande vyake bado vimo majini. Rangi imekufa, mzoga haujazikwa.

Maji ya batiki yana jambo jingine zaidi. Watiaji wa rangi hutumia kostiki soda na haidrosalfaiti ili rangi iingie katika kitambaa. Unga wa manjano hauna habari na vitu hivyo. Ungeweza kula buluu yote na soda ikabaki na ukali wake. Vibaya zaidi, katika maji ya ukali huo unga wenyewe huanza kupoteza vanadi yake, nayo vanadi si kitu cha kunywa. Ndiyo maana ilimlazimu kwanza kuupoza ukali wa maji ya mama yake kwa asidi kabla ya kuyajaribu.

Binti alirudi maabara akaomba nafasi katika mashine ipimayo kaboni yote iliyomo majini. Aliponiletea majibu uso wake haukuwa na furaha wala huzuni. Rangi ilikuwa imekwisha. Kaboni ilikuwa imepungua, lakini sehemu kubwa ilikuwa ingalipo. "Kwa hiyo unga wangu ni kazi bure, mwalimu?" aliniuliza. Nilimwambia kwamba unga wake unafanya vile vile ulivyokuwa ukifanya juzi. Kilichobadilika ni kwamba sasa tunajua kitendo chake kinaitwaje. Tuliandika: "Unga huu, ukitiwa katika maji ya rangi yaliyopozwa ukali na kuwekwa juani, huvunja rangi. Hauondoi chumvi, wala vipande vyote vya rangi iliyovunjika. Maji yakiwa meupe bado si ya kunywa, wala si ya kunyweshea mnyama."

Nilifuatana naye siku ya kuisoma. Walikuwapo wanawake kama kumi na watano chini ya mwembe, mikono yao ya buluu na kahawia. Walisikiliza vizuri, wakauliza bei, wakauliza kama unga huweza kutumika mara ya pili, wakauliza kama siku ya mawingu itafaa. Kisha mama mmoja, mkubwa kuliko wote, alisema: "Mwanangu, sasa hivi maji haya ni ya buluu, hata mbuzi huyanusa akaenda zake. Ukiyafanya meupe, nani atakayemwonya mbuzi? Nani atakayemwonya mtoto?"

Hakuna aliyejibu upesi. Katika muda wote tuliokaa na karatasi ile, mimi na mashine zote za chuo, hatukuwa tumelifikia swali hilo. Sisi tuliihesabu rangi kuwa uchafu. Mama huyu aliihesabu pia kuwa onyo, na aliona kwamba anayeondoa onyo kabla ya kuondoa hatari amezidisha hatari. Walikubaliana kwamba kama unga utajaribiwa mtaani, utajaribiwa katika mapipa yenye mifuniko, na maji yake yatatumiwa tena kuoshea vitambaa vya batiki. Hayatamwagwa mtaroni mpaka binti alete majibu ya kaboni yaliyo mema kuliko yale.

Watu wengi hudhani kwamba sisi tufundishao Kiswahili tukiitwa na watu wa sayansi huitwa kwa kazi ya kushona vifungo: neno hili liwe na kiambishi hiki, jina lile liishie kwa irabu. Kazi hiyo ipo, na ni halali. Lakini kufasiri ni kumwuliza msemaji anakusudia nini hasa, na swali hilo likiulizwa kwa unyofu halimwachi mwenye elimu alipokuwa. Hapa tulianza na karatasi ya Kiswahili iliyofuata nyayo za karatasi ya Kiingereza. Kabla ya kukabidhi tasnifu yake, binti aliifungua ile ya Kiingereza akalifuta neno la kusafisha mahali pote lilipokuwa limeandikwa kwa ushahidi wa rangi peke yake. Akaongeza sura fupi juu ya kaboni iliyosalia na vanadi iyeyukayo, na hiyo ndiyo kazi aliyoiombea miaka mitatu ya udaktari.